Mikwaju ya Saa Saba

Kwenye kituo cha redio, mafundi na makarani walimwita Mama Mikwaju, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuwahi kumchapa mtu. Jina lilitokana na kazi. Kila siku, kabla ya taarifa ya habari ya Kiingereza ya saa saba mchana, yeye ndiye aliyepokea kurasa zikiwa bado na joto la mashine, akayakata maneno marefu vipande vipande kwa alama ya mkwaju, ule mstari ulioinama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Akimaliza kukata, alichukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya kipande kimoja tu, kile kinachobeba mkazo. Neno "reconciliation" lilitoka mikononi mwake likiwa rec/on/cil/i/A/tion, na hapo hata mtu aliyelichukia angeweza kulitamka.

Aliwahi kumweleza fundi mitambo, siku moja walipokuwa wanasubiri umeme urudi. "Kiswahili hakina taabu, kaka. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama baba mwenye nyumba na kiti chake. Mkazo wa Kiingereza ni mpangaji. Leo yuko chumba cha mbele, kesho kahamia uani. Ona: picha ni PHO/to/graph. Mpiga picha ni pho/TOG/ra/pher. Jambo la kipicha ni pho/to/GRAPH/ic. Ukoo mmoja, na kila ndugu ana chumba chake."

"Kumbe wewe ndiye dalali wao," fundi akasema akicheka.

"Dalali gani? Mimi nimefungiwa nao humu ndani."

Na kufungiwa huko hakukuwa maneno ya mzaha. Chumba cha hati hakikuwa na dirisha la nje. Kuta tatu zilibandikwa mabaki ya sponji ya kufyonza sauti, rangi ya majivu, vumbi tupu. Ukuta wa nne ulikuwa na kioo kinene kilichotazama ndani ya studio. Mlango ulivimba kwa unyevu, ukitaka kutoka lazima uusukume kwa bega. Humo alikaa miaka minane, na kitu pekee alichokiona kikitembea mbele yake kilikuwa mdomo wa shemeji yake.

Shemeji huyo ndiye Ngurumo, msoma taarifa. Jina alipewa na wasikilizaji, kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito na tamu, sauti ya kumtuliza mtoto na kumtisha mwizi kwa pamoja. Alisoma habari za Kiswahili miaka mingi bila kosa. Halafu msomaji wa Kiingereza akaacha kazi ghafla, wakubwa wakasema sauti kama ile ndiyo inayotakiwa, wakamhamishia kule. Hakuna aliyemuuliza kama anaweza. Kiingereza cha kununulia sukari na kuombea ruhusa alikuwa nacho. Lakini neno likizidi silabi tatu, alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani: kila hatua anapapasa kwa mguu.

Wakati huo ndipo Mama Mikwaju, ambaye alikuwa mwalimu wa Kiingereza, alipoachika na kuja kwa dada yake na sanduku moja. Dada ndiye mke wa Ngurumo. Walimpa chumba cha uani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe alilopewa yeye lilikuwa penseli. Dada alimwita jikoni akamwambia, "Mdogo wangu, mume wangu anaona aibu kusema. Msaidie mwezi mmoja tu mpaka azoee." Akatafutiwa kibarua cha kupiga chapa pale kituoni, na mwezi mmoja ukazaa miaka minane. Kurasa zenye alama zilipohifadhiwa kwenye majalada, wakubwa wa ghorofa ya juu walidhani alama ni za Ngurumo mwenyewe. Wengine walimsifu: jamaa anajiandaa! Yeye alikohoa tu na kutazama viatu vyake.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alimheshimu shemeji yake, alimletea machungwa, na hakuwahi kumpandishia sauti, sauti yenyewe ile. Ila hakujifunza. Mara mbili tatu Mama Mikwaju alijaribu kumpa kanuni. "Shemeji, neno likiisha na -tion, mkazo unakaa silabi inayotangulia. Kila mara. Shika hiyo moja tu." Ngurumo aliitikia kwa kichwa, akasema ameshika, na kesho yake alisubiri mstari mwekundu kama mtoto anayesubiri uji. Kwa nini ajisumbue, na mikwaju ipo?

Na Mama Mikwaju hakuweza kuugua. Mwaka wa tatu alipata homa, wakamletea kurasa kitandani. Hakuweza kwenda msibani mbali, wala arusini, labda iwe siku ambayo Ngurumo hayuko zamu. Saa sita na nusu ikigonga, popote alipo, moyo ulianza kumdunda. Usiku aliota maneno yakipita bila mikwaju, marefu kama treni, na yeye anakimbia pembeni na penseli.

Mwaka ule wa nane, gazetini, aliona tangazo. Chuo cha ualimu katika mji mwingine kilitaka mkufunzi wa matamshi ya Kiingereza. Alilisoma mara tano. Aliandika barua ya maombi bila kumwambia mtu, na kwa kuwa hakuwa na sanduku lake la posta, alitumia la Dada. Kisha akasubiri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa akimuuliza Dada, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Posta umepita?" Dada alijibu, "Nimepita, hamna kitu, bili tu."

Dada alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na mlango. Jumamosi moja Dada akiwa ameenda kupeleka nguo ya mteja, Mama Mikwaju alifungua droo ya mashine kutafuta sindano ashone kifungo. Chini ya vibiringo vya uzi, chini ya chaki na utepe wa kupimia, akaiona bahasha ya chuo. Ilikuwa imefunguliwa. Ukingo wake ulikuwa na meno meno, kwa sababu ulikatwa kwa mkasi wa Dada wenye meno, wa kuzuia kitambaa kisitoke nyuzi. Ndani, barua ilimwita kwenye usaili. Alitazama tarehe. Ilishapita, siku tisa.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, barua mapajani, mpaka miguu ikafa ganzi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Lakini hakumlaumu Dada. Dada alimlea. Mama yao alipofariki, Dada alikuwa na miaka kumi na mbili, akambeba mgongoni kama mwanawe. Dada asingeweza kufanya hivi kwa akili yake. Ameagizwa. Na ni nani wa kumwagiza, kama si yule anayehitaji mikwaju?

Jumapili aliitia bahasha mkobani. Alikula, akaosha vyombo, akalala.

Jumatatu zilikuja kurasa sita. Habari ya kwanza uchaguzi mdogo, ya pili maji machafu, ya tatu mgomo, maneno marefu kila mstari. Mama Mikwaju alizipanga mbele yake. Penseli aliiacha kwenye droo. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Mikono aliikunja mapajani, na mara kwa mara mmoja ulitaka kupanda mezani, akaurudisha.

Saa saba kasoro dakika tano Ngurumo aliingia mbio mbio kama kawaida yake, amepaka mafuta nywele, shati limepigwa pasi na Dada. "Shemeji, tayari?"

"Tayari."

Akazichukua bila kuzitazama. Miaka minane hakuwa na sababu ya kuzitazama. Akaingia studio, akakaa, akavaa hedifoni, akanywa funda la maji. Taa nyekundu ikawaka. Ikiwaka taa hiyo, mlango wa studio haufunguliwi hata kwa moto. Wimbo wa taarifa ukapigwa, na hapo ndipo alipofunua ukurasa wa kwanza.

Mama Mikwaju alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Alimwona akifunua wa pili, wa tatu, haraka, kama mtu anayepekua mifuko kutafuta funguo. Kisha akainua macho. Walitazamana. Ngurumo hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma. Macho yake yaliuliza swali dogo tu, la mtu aliyesahauliwa kituoni na basi: na mimi?

"Good afternoon," Ngurumo akasema, kwa sababu hakukuwa na la kufanya ila kusema.

Sentensi ya kwanza alipita. Ya pili alijikwaa akasimama. Ya tatu ilizungumzia kura zaidi ya elfu tatu zilizoharibika, na neno lililotumika ni "invalid". Neno hilo lina mtego: ukisema in/VAL/id maana yake ni batili, ukisema IN/va/lid maana yake ni mgonjwa asiyejiweza. Ngurumo, kwa hofu ya kusoma Kiingereza kwa lafudhi ya Kiswahili, akautupa mkazo mwanzoni, na nchi nzima ikatangaziwa kura elfu tatu za wagonjwa. Fundi mitambo, aliyekaa kwenye kibanda chake pembeni, akageuza shingo. Habari ya maji ilisema wamekuta sumu kidogo sana, mi/NUTE, kidogo mno. Ngurumo akasoma MIN/ute, sumu ya dakika moja. Jasho lilimtoka mpaka shati likashika mgongo.

Mama Mikwaju alidhani atafurahi. Alikuwa ameingoja furaha hiyo tangu Jumamosi. Badala yake kila neno lililokosewa lilimpiga yeye. Kwa ajabu ya Mungu, midomo yake ilikuwa inasahihisha bila sauti, pale pale nyuma ya kioo: VAL, VAL, shemeji, NUTE.

Halafu ikaja habari ya mgomo, na neno "irresponsibility".

"Irre…" alisema Ngurumo. "Irres…" Akanyamaza.

Kimya cha sekunde mbili redioni ni mtu anameza mate. Sekunde nne, watu wanatazama betri. Sekunde nane ni msiba. Ngurumo alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, kichwa chini, na mabega yale mapana yamekuwa madogo kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Hata leo Mama Mikwaju hakumbuki alivyofika kwenye kibanda cha fundi. Anakumbuka tu bega lake likiusukuma mlango uliovimba, na kidole chake kwenye kitufe cha kuongea na msomaji, kitufe ambacho hakuwa na ruhusa ya kukigusa. "Ir, re, spon, si, BIL, i, ty," akasema taratibu. "BIL ndiyo nzito. Sema."

Ngurumo akasema. Na kuanzia hapo, kwa dakika nne zilizobaki, mmoja alinong'ona na mwingine akasoma, sekunde moja nyuma yake, mpaka wimbo wa mwisho. Fundi mitambo alitazama mashine zake kana kwamba hajaona kitu.

Simu zilikuwa zimeshaanza kulia. Mhariri Mkuu aliteremka ngazi mwenyewe, mama mmoja mkavu aliyecheka mara moja kwa mwaka, na kwa mwaka ule alikuwa bado. "Wasikilizaji wanauliza hao wagonjwa walipigia kura wodini au vipi," alisema. "Nini kimetokea?"

Mama Mikwaju alifungua mdomo. Ngurumo akamtangulia. Angeweza kusema mambo mengi: koo, macho, kurasa zimechelewa. Angeweza kumnyooshea kidole yeye. "Bosi," alisema, hedifoni bado shingoni, "maneno haya mimi sijui kuyasoma. Sijawahi kujua. Miaka minane ananiwekea alama huyu shemeji yangu, mimi nafuata tu. Leo hakuweka, na wewe umesikia."

Mhariri Mkuu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Nitawaita," akasema, akapanda ngazi.

Walibaki wawili kwenye ujia, kati ya dumu la maji na kabati la majalada.

"Shemeji," Ngurumo akasema, "nimekukosea nini?"

Mama Mikwaju alimpa bahasha ya chuo. Ngurumo aliitoa barua akaisoma polepole, kidole chini ya mistari, na ilimchukua muda mrefu. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Usaili umepita," alisema.

"Unajua umepita. Ndiyo maana mkaificha."

"Mimi?" Akaigeuza bahasha, akapitisha kidole gumba kwenye ule ukingo wenye meno meno. Kisha akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha msiba. "Sijawahi kuiona barua hii. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Ungeniambia unataka kwenda, ningelia, lakini ningekubebea sanduku."

Alimjua vya kutosha kujua kwamba ni kweli. Na alipojua, alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa amemvua mtu nguo mbele ya nchi nzima, na si mtu mwenyewe.

Nyumbani cherehani ilikuwa inakimbia. Dada alikuwa na redio karibu na kiwiko. Alikuwa amesikia yote. Hakusimamisha mguu.

"Dada."

"Nakusikia."

"Kwa nini?"

Kanyagio liliendelea. Dada alikuwa anapinda upindo wa gauni la shule, moja kwa moja, bila kupinda hata nusu ya kidole. "Ulitaka nifanyeje?" akasema. "Nikuitie teksi? Ukiondoka, mume wangu atazomewa mpaka sokoni. Leo si umeona mwenyewe? Nilijua itakuwa hivi. Nilijua kabla yako."

"Ungeniambia. Tungezungumza."

"Tungezungumza ungebaki?"

Mama Mikwaju alitazama upindo ukiingia chini ya sindano.

"Basi," Dada akasema. Alisimamisha mashine. "Na si yeye tu. Yeye anaondoka asubuhi anarudi jioni, anasinzia kwenye kiti. Mimi katika nyumba hii naongea na nani? Nilikubeba mgongoni, wewe. Mama alinikabidhi. Sikujua kama kukabidhiwa kuna siku ya kurudisha."

"Mimi nina miaka arobaini na moja, Dada."

"Najua. Mimi ndiye ninayehesabu."

Hakuomba msamaha, wala mdogo wake hakumwomba aombe. Kulikuwa na wali, wakala. Kwa karibu mwezi mzima walisemezana mambo ya chumvi, maji na funguo tu. Kila jioni Dada alimfunikia chakula kwa sahani, na kila jioni Mama Mikwaju alikila, kwa sababu hasira ya ndugu haikatazi njaa.

Chuo alikipigia simu Jumanne, siku moja baada ya taarifa ile. Karani wa huko alikuwa mpole. Nafasi imejazwa, alisema, na nyingine inatarajiwa mwaka ujao au ule utakaofuata, aendelee kufuatilia. Alishukuru, akaweka simu chini, akaitazama.

Siku ya tatu baada ya taarifa ile Mhariri Mkuu aliwaita. Ngurumo alijua anafukuzwa. Alikuja na tai. Lakini yule mama alikuwa na majalada ya zamani mezani, kurasa za miaka minane, mikwaju tele, mistari myekundu.

"Hii kazi yote ni yako?" alimuuliza Mama Mikwaju.

"Ndiyo."

"Kituo hiki kina wasomaji wanne wa Kiingereza, na wote wanakosea. Kuanzia sasa utaweka alama taarifa zote nne. Tutakupa cheo: Msahihishaji wa Matamshi. Chumba ni kile kile, hatuna kingine."

Huo ndio ulikuwa ushindi wake. Alikuwa anafungwa na kurasa sita, sasa atafungwa na ishirini na nne. Alisikia mlango uliovimba ukijifunga nyuma yake, ingawa yuko juu, ofisini kwa Mhariri Mkuu.

"Kwa nini nisisome mwenyewe?" aliuliza. Hakuwahi kuuliza swali hilo maishani.

Mhariri Mkuu hakulikwepa. "Sauti yako ni ya darasani. Watu wataizima redio."

Ilimuuma, lakini ilikuwa kweli, na ukweli ulimpa kitu cha kushika. "Kama ni ya darasani, nipe darasa," alisema. "Nitaweka alama zote kwa miezi sita. Lakini kila siku asubuhi, saa nzima, wasomaji wote wanakuja kwangu, na mimi nawafundisha kukata maneno wenyewe. Mwezi wa saba siweki mkwaju hata mmoja."

"Na wasipojua?"

"Watasoma kura za wagonjwa."

Hapo yule mama alicheka, ile mara yake moja ya mwaka, na akakubali.

Wa kwanza kufika darasani alikuwa Ngurumo. Mhariri Mkuu alitaka kumrudisha kwenye Kiswahili, akakataa, ati hawezi kukimbia mbele ya mkewe. Alikaa kwenye kiti kidogo na penseli nyuma ya sikio kama seremala. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Wenzake watatu, vijana waliosoma shule nzuri, walikuja kwa kujivuta, lakini siku ya pili walipogundua nao hawajui "committee" na "administrator" zinabeba mzigo wapi, walinyamaza.

"Kwanza hesabu irabu unazozisikia, si unazoziona," aliwafundisha. "Macho yanadanganya. Kila irabu unayoisikia ni silabi moja. Kisha tazama mkia wa neno. Mkia ndio unaosema mkazo ulale wapi. Ukiona -tion, rudi nyuma hatua moja. Ukiona -ic, rudi hatua moja. Ukiona -ity, mkazo unakaa silabi iliyo kabla yake: e/lec/TRIC/i/ty. Neno lisilo na mkia wa kukuambia, fungua kamusi, hamna aibu."

Ngurumo alikuwa mgumu kuliko wote. Sikio lake, lililozoea Kiswahili, liliutafuta mkazo silabi ya pili kutoka mwisho kila siku iendayo kwa Mungu. Maneno ya -tion alianza kuyapata, maana hayo yanafanana na kwetu, lakini "agriculture" alilibeba vibaya wiki tatu mfululizo. Mara moja alitupa penseli ukutani, ikazama kwenye sponji bila sauti. "Shemeji, mimi ni mzee!"

"Okota," akamwambia. "AG/ri/cul/ture. Ya kwanza. Tena."

Aliokota. Usiku nyumbani, alikaa sebuleni na gazeti la Kiingereza na penseli, na Dada akishona karibu naye. Jioni moja Mama Mikwaju alipita kwenda uani akamsikia Dada akiuliza, kwa sauti ya chini, "Na hili hapa, linakatwa wapi?" Mumewe akamwonyesha. Akakosea, lakini akamwonyesha. Mama Mikwaju aliendelea na njia yake. Kesho yake asubuhi, Dada alipompa chai, alisema, "Nimekufungulia sanduku lako la posta. Funguo ziko mbili, zote zako." Akaziweka juu ya meza, akarudi kwenye cherehani kabla hajajibiwa.

Mwezi wa saba uliingia Alhamisi. Ngurumo alizichukua kurasa zake saa tano, akakaa kwenye ngazi za nyuma, akakata mwenyewe. Saa saba kasoro robo alikuja nazo mlangoni. "Shemeji, tupia jicho tu. Jicho moja."

"Hapana."

"Ukurasa wa pili tu, kuna neno…"

"Shemeji, nenda studio."

Akaenda. Mama Mikwaju alisukuma mlango kwa bega, akashuka ngazi, akatoka nje. Siku ya kazi, miaka minane, hakuwahi kuwa mtaani saa saba mchana. Jua lilimpiga usoni akafumba macho. Watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na hakujua aelekee wapi, kushoto au kulia. Mwishowe akavuka, akaingia mkahawa wa ng'ambo, akaagiza chai. Mwenye mkahawa alikuwa na redio juu ya friji.

Wimbo wa taarifa ukapigwa. Sauti nzito ikasema "Good afternoon." Mama Mikwaju alishika kikombe kwa mikono miwili.

Ukurasa wa kwanza ulipita salama. Wa pili, lilikuja neno refu, akasikia pumzi ya Ngurumo ikivutwa. Un, con, sti. Akainuka nusu kwenye kiti. Studio ilikuwa hatua mia moja kutoka pale, na miguu ilishaanza kwenda. TU/tion/al, ikasema redio, polepole, kama mtu anayeweka vyombo chini kimoja kimoja.

Akakaa.

"Huyu bwana anasoma vizuri," mwenye mkahawa akasema, akifuta kaunta. "Zamani kidogo aliharibu, tukacheka sana hapa. Sasa amerudi."

"Anajitahidi."

Habari ya nne ilikuwa ya mpiga picha aliyeshinda tuzo, na Ngurumo akasema PHO/to/gra/pher, mkazo mwanzoni, kwa uhakika wote, kama ndivyo lilivyoandikwa mbinguni. Mama Mikwaju alifumba macho. Ulimi wake ulipiga TOG kwenye meno, mara mbili, tatu, na hakuweza kuuzuia. Hakuna mtu mwingine pale ndani aliyesikia kosa. Mwenye mkahawa aliendelea kufuta.

Alikaa mpaka taarifa ikaisha. Alilipa, akavuka barabara, akapanda ngazi. Kwenye meza yake kulikuwa na kurasa nne za saa kumi, hazijakatwa, na msomaji wa zamu hiyo alikuwa amesimama mlangoni akijikuna kichwa. "Mama, samahani," alisema kijana huyo, "nimekwama."

Alivuta kiti akakaa. Penseli hakuigusa. "Sema neno lenyewe," akamwambia. "Kwa sauti. Unasikia irabu ngapi?"